Mchoma taka wa Karagwe aliyeomba kimoja kisichomwe

Saa mbili asubuhi, ukungu bado haujaondoka kwenye migomba iliyo nyuma ya hospitali. Celestin Mbonimpa anavaa glavu, anafungua mlango wa chuma wa tanuru na kumimina ndoo ya kwanza: pamba, bandeji, mabomba ya sindano. Anamwagia mafuta ya taa kidogo, anawasha kiberiti, anarudi nyuma hatua tatu. Ukisogea mbele yake atakufokea, hata uwe mwandishi wa gazeti.

"Huyu hana urafiki na mtu," anasema, akilinyooshea tanuru kidole.

Celestin, mwenye umri wa miaka 41, aliletwa Karagwe na wazazi wake kutoka Rwanda mwaka 1962, akakulia kwenye vibarua vya kupalilia kahawa. Hospitali hii ya misheni ilimwajiri mwaka 1984. Wakati huo taka zilitupwa shimoni. Mbwa walizifukua, na watoto wa jirani waliokota sindano wakazichezea udaktari.

Tanuru lilipojengwa mwanzoni mwa 1990, Celestin alimshukuru Mungu kwa sauti. Shimo likafukiwa, na mwezi Mei amri ikatoka: kila taka ya wodini ichomwe. Kondo la nyuma nalo likahesabiwa taka. Hapo ndipo maji yalipozidi unga.

Huku kwenye migomba, kondo la mtoto huzikwa penye shina la mgomba wa nyumbani, ili mtoto awe na kwao. Kulitia motoni ni kumkana. Wajawazito wakaanza kubaki nyumbani. Mei ya mwaka ule walijifungua hospitalini akina mama 43. Agosti walikuwa 16.

Celestin akaendelea kuchoma. "Niliambiwa choma, nikachoma. Najua mila, lakini mimi mtu wa kazi," anakiri, na ni wazi jibu hilo halimridhishi hata yeye.

Septemba mambo yakafika nyumbani kwake. Mkewe, Mukandekezi, alikuwa na mimba ya miezi minane. Mtoto wao wa kwanza, Egbert, alimzalia nyumbani, akatoka damu hadi akapoteza fahamu. Wauguzi walionya kwamba akirudia atakufa. Hata hivyo Mukandekezi akakataa hospitali katakata.

"Nilimuuliza, Baba Egbert, si wewe ndiye unayechoma? La mwanangu utalichoma kwa mkono gani?" anasimulia Mukandekezi.

Celestin hakulala vizuri kwa wiki nzima. Mwishowe alikwenda kwa Sista Anatolia, msimamizi wa wodi ya wazazi, akijua anaweza kurudi bila kazi.

"Nikasema, shikamoo Sista. Naomba kimoja kisichomwe."

Sista alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akafungua kabati, akatoa kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko. "Litie humu, uende nalo kwenu," alimwambia. "Lakini Celestin, mbona hukuniambia tangu Mei?"

Swali hilo linamuuma mpaka leo. Tangu siku ile kila mzazi anayetaka hukabidhiwa kopo lake, na wodi imejaa tena.

Binti yao, Costansia, alizaliwa hospitalini Oktoba. Damu ilitoka kama mwanzo, ila safari hii wauguzi walikuwapo. Celestin akatoka na kopo mkononi, ndipo akakumbuka kwamba hana kibanja, shamba la migomba la kwake mwenyewe. Wanaishi Rugu, kwenye shamba la mzee Gaspari Rweyemamu.

Mzee alimpa jembe. "Chagua mgomba," alisema. "Mtoto kazaliwa hapa, hapa ni kwao."

"Miaka ishirini na minane nilikuwa sijaambiwa neno hilo na mtu," anasema Celestin. Anavua glavu ili afute macho.

Sasa anaomba tanuru lijengewe paa, kwa sababu wakati wa masika taka hulowa na haziungui vizuri. Lingine analolingoja liko nyumbani: Mukandekezi ni mjamzito tena. Nilipomuuliza atajifungulia wapi, alicheka hadi akashika kiuno.

"Safari hii hospitali natangulia mwenyewe," alisema. "Yeye anifuate na kopo."