Mbio za Magari Kilimani Kwetu

Nilianza kuchora njia za mbio za magari nikiwa kidato cha tatu, katika somo la Jiografia. Mwalimu alitugawia ramani moja kwa kila wanafunzi wanne, pamoja na kipande cha uzi, ili tupime urefu wa barabara kutoka daraja fulani hadi kanisa fulani. Unaulaza uzi juu ya barabara, unaufuatisha kila kona, kisha unaunyoosha kwenye rula. Wenzangu walipima, wakaandika jibu, wakafunga daftari. Mimi niliuendeleza uzi ukapita kanisa, ukashuka mtoni, ukapanda kilima cha pili na kurudi pale pale darajani. Nilipoona umefunga duara, moyo ulinidunda kama wa mtu aliyeokota kitu kizuri asijue amuulize nani kama ni chake.

Mbio zenyewe nilizijua kwa masikio tu. Tata, ndivyo sisi Wakisii tunavyomwita baba, alikuwa dereva wa lori la kubeba majani chai. Siku ambayo halikuwa na safari alikuwa akikaa uani na redio, na matangazo ya mbio za magari yakianza, hakuna aliyeruhusiwa hata kukoroga chungu kwa kelele. Mtangazaji akisema gari limeteleza, tata alikanyaga breki kwenye nyasi.

Sasa mimi ni mwalimu wa hisabati katika shule ya kutwa karibu na Sironga. Wenzangu wakimaliza kusahihisha madaftari huangalia mpira. Mimi hufungua ramani ya setilaiti kwenye simu na kutafuta barabara zinazoweza kuungana zikawa mzunguko. Nimejiwekea masharti. Barabara iwe ipo tayari, na nikilazimika kuongeza kipande cha kuunganisha, kiwe kifupi. Nyumba ya mtu isibomolewe. Shule isikose lango. Ugumu mkubwa ni mahali pa kuanzia, kwa sababu magari ya mbio yanataka njia iliyonyooka, nayo Gusii, nchi yetu Wakisii, yote ni vilima. Ukipata mahali tambarare, ujue kuna uwanja wa mpira au kanisa limekutangulia. Nilijaribu mji wa Ogembo nikashindwa, maana kila njia niliyochora ilinipitisha katikati ya mikungu ya ndizi sokoni.

Mzunguko nilioupenda kuliko yote ulikuwa wa kilimani kwetu nyumbani. Ulianzia kwenye kituo cha kukusanyia majani chai, ukashuka hadi kwenye kalvati, ukakata kulia kupitia mashamba, ukapanda ukingo wa pili kwa kona saba zilizofuatana, na kurudi kituoni kwa juu. Niliupeleka kwenye kundi moja mtandaoni la watu wenye wazimu kama wangu. Wengi waliusifu. Ila bwana mmoja, ambaye kwa maelezo yake anaishi nchi iliyo bapa kama meza, aliandika kwa upole kwamba labda nimesoma vibaya mistari ya mwinuko. Barabara ya watu, alisema, haiwezi kupanda kiasi hicho.

Niliumia kuliko nilivyotarajia. Wikendi ile nilienda nyumbani na mchoro wangu, nikamwonyesha tata baada ya chakula cha mchana. Alivaa miwani, akaifuata njia kwa kidole pole pole, midomo ikicheza kama anayesoma barua.

"Hapa ni kituoni," akasema. "Hapa ni kwa fundi wa baiskeli. Hii ni kalvati. Na hapa..." Kidole kikasimama. "Hapa umetoka barabarani."

"Hicho ni kipande nilichoongeza, tata. Kifupi tu, cha kuunganisha."

"Ndiyo, nakiona. Umepitisha magari juu ya kaburi la nyanya yako."

Niliinama kutazama. Setilaiti ilikuwa imenionyesha migomba, nayo migomba haisemi kilicho chini yake. Kabla sijaomba radhi, tata alikuwa ameanza kucheka hadi miwani ikamshuka puani. "Alivyopenda mwendo wa pole, mama yangu! Angeamka awapige na mwiko." Kisha akasafisha miwani na kunipa shauri la kitaalamu: nishuke mita chache zaidi, nipite kando ya zizi la zamani, ndipo kona iwe na adabu.

Nilimweleza pia habari za yule bwana wa nchi bapa. Hapo tata hakucheka. Alisimama.

"Anasema barabara yangu haipandi?"

"Anasema nimekosea vipimo."

"Kesho tukaipime."

Sisi ni Wasabato, kwa hiyo Jumapili kwetu ni siku ya kazi kama nyingine. Asubuhi tulipanda pikapu yake kuukuu tukiwa na ubao mrefu, rula, daftari na pimamaji, ile ya waashi yenye kiputo cha hewa ndani. Hesabu yake ni rahisi. Unaulaza ubao barabarani, unainua upande wa chini mpaka kiputo kikae katikati, kisha unapima pengo. Kila kona tuliposimama, tata alishika ubao, mimi nikapiga magoti kwenye udongo mwekundu nikasoma rula na kuandika. Ili nisichanganye kona, nilifunga kitambaa chekundu kwenye ua karibu na kila tulipopima. Watu walikuwa wakitoka kuchuma chai. Walitusalimia, wakatazama pimamaji, wakatazama vitambaa, wakaenda zao kimya. Ningejua, ningeusikiliza ule ukimya.

Kwenye kona ya nne ya kupanda, ile iliyofichwa na ua mrefu wa miti ya miiba ya kayaba, tata hakuuweka ubao chini. Alikaa juu ya jiwe.

"Hapa umeandika magari yapite namna gani?"

"Kwa kasi. Nilitaka madereva walioachwa nyuma wapate nafasi ya kuwapita wenzao."

"Wakitoka juu au wakitoka chini?"

"Wanapanda. Lakini nilifikiria pia kugeuza, washuke."

Akatikisa kichwa. "Wasishuke hapa." Akanionyesha ukingo wa udongo upande wa kushoto, palipokuwa na kovu refu lililoota nyasi. "Lile lilichimbwa na bega la lori langu. Breki zilikataa nikitokea juu, limejaa majani, na mbele yangu mama na watoto wawili wamebeba kuni. Sikuwa nimewaona kwa sababu ya ua. Nikalilaza lori pale."

Nilikumbuka jioni aliyokuja kwa miguu, shati limechanika, nikiwa darasa la tano. "Ulituambia ni pancha."

"Ningewaambia nini? Mama yako angeninyima ufunguo."

Nikamshika mkono ule uliokuwa na vumbi la ubao. Yeye akasema, "Haya mwalimu, pima, jua linapanda." Tukapima. Ndiyo iliyokuwa kona kali kuliko zote, na tata alifurahi waziwazi, kama mtu aliyeambiwa mtoto wake ameongoza darasa.

Jumatano tata alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayejikaza asicheke.

"Mwalimu, umeleta lami."

"Lami gani?"

"Hapa kilimani watu wote wanajua serikali inaleta lami, na ya kwamba binti yangu ndiye mpimaji. Jirani wa chini amehamisha lango. Kuna mmoja ameng'oa kitambaa chako akakifunga kwa ua wa mwenzake. Na huyu hapa anataka kusema na wewe."

Akampa simu nyanya anayeishi karibu na ile kona ya saba, mjane mwenye mparachichi mkubwa kuliko nyumba yake. Yeye si nyanya yangu wa damu, lakini nimekula maparachichi yake tangu sina meno.

"Mwanangu," akasema, "mimi sikatai maendeleo. Lakini huo mti aliupanda mzee wangu. Huwezi kuisukuma barabara kidogo tu? Hata kama ni kwa hatua tatu."

"Nyanya, hakuna barabara. Ni mchezo."

"Mchezo?"

"Mchezo wa kuchora. Magari ya kufikiria."

"Mchezo gani unapimwa na pimamaji?"

Mzee wa mtaa naye alituma ujumbe: nifike Ijumaa kwenye kituo cha chai, wakati watu wanasubiri lori, nieleze kwa kinywa changu. Usiku nililala vibaya. Nilijiona nimewadanganya watu wanaoteleza kwenye matope kila mvua ikinyesha, watu ambao lami kwao si jambo la utani.

Ijumaa niliomba ruhusa ya vipindi vya mwisho, nikaenda nikiwa na mchoro niliounakili kwa kalamu nene kwenye karatasi kubwa ya manila. Kituoni watu walikuwa wamekaa juu ya vikapu, majani yamepimwa, lori halijafika. Tata alikuwa amesimama nyuma kabisa, mikono kifuani. Nilibandika manila ukutani, nikasalimia, nikaomba msamaha kwanza. Nikasema hakuna lami, hakuna mpimaji. Kuna mwalimu tu ambaye tangu shuleni hupenda kuchukua ramani ya mahali pa kweli na kuwaza magari ya mbio yangepita wapi. Nikasema kuna mtu mbali huko aliyesema kilima chetu hakipandi namna hii, nami na baba yangu tukaenda kuhakikisha.

Mvua ya mchana ilianza kugonga mabati. Nilikuwa natafuta pa kuweka macho, ndipo yule nyanya wa mparachichi akainuka, akaja hadi karibu na manila, akaitazama kama anayetafuta kiroboto.

"Anasema kilima hiki hakipandi?"

"Ndiyo, nyanya."

"Aje anibebee maji siku moja."

Kicheko kilichopasuka hapo kilizidi mvua. Kisha mzee wa mtaa, aliyekuwa ameniita kunihoji, akauliza kwa sauti ya mkutano, "Na hayo magari yataanzia wapi?"

Nikamwonyesha. Akasema hapana, hapo maji husimama, waanzie upande wa choo. Karani wa kupima majani akasema paa la kituo linafaa kwa mafundi kubadilisha magurudumu. Mtu akauliza ng'ombe watafungiwa wapi. Mwingine akasema mbio zisiwe siku ya Sabato, na jirani yake Mkatoliki akaongeza upesi kwamba zisiwe Jumapili asubuhi pia. Siku nyingine ni za shule, ikabaki Jumapili alasiri, na kila aliyekuwa pale alijua Jumapili alasiri maana yake ni mvua. "Basi ni mbio za mvua," akasema mzee wa mtaa, nami nikaliandika pembeni kwa kalamu nene kana kwamba ni kanuni.

Nyanya alikuwa hajatoka mbele ya ukuta. "Kwangu yanapita?"

"Nimeyasukuma, nyanya. Hatua tatu, kama ulivyosema."

"Yarudishe. Kama si ya kukata mti, yapite. Lakini yakiwa yanapanda, yaende pole nione nyuso."

Lori lilipofika, hakuna aliyelisikia. Dereva wake, kijana, aliingia akitikisa maji kichwani, akaonyeshwa mchoro, akaweka kidole kwenye kona ya nne. "Hapa mimi hupita na gia ya pili."

"Mimi nilipita na ya tatu," tata akasema kutoka nyuma. Watu wakageuka. Nilifikiri atajisifu. Badala yake alisogea mbele, akawasimulia habari ya breki na yule mama na kuni, kwa maneno machache, kama alivyonisimulia mimi, ila sasa hakukaa juu ya jiwe. Alipomaliza, mwenye ua wa kayaba, bwana mnene asiyependa kuzungumza, alikohoa. Akasema watoto wake hupita pale wakienda shule, na kwamba yeye hakuwahi kufikiri ua wake unaficha kitu.

Jumapili iliyofuata aliukata mpaka kimo cha kiuno. Watu sita walikuja kumsaidia na mapanga bila kuitwa, na tata alisimama barabarani akiwaongoza kama askari wa magari mjini. Sasa ukitokea juu unaona mpaka chini kwenye kalvati. Waendesha bodaboda husema ni mwalimu aliyeleta nafuu hiyo, nami nimechoka kukanusha.

Nilipeleka mchoro mpya kwenye kundi, pamoja na vipimo vyote na picha ya pimamaji juu ya ubao. Yule bwana wa nchi bapa aliomba radhi vizuri sana, kisha akauliza kwa nini kona ya saba inaitwa Kona ya Parachichi, na kama tunda hilo linaweza kuangukia magari. Nilimwambia linaweza, na kwamba mwenye mti amekataa katakata kulichuma mapema.

Mwezi uliopita nilimkuta tata mezani na penseli na ramani niliyomchapishia ya upande wa Marani. Alikuwa amechora mzunguko wake mwenyewe, mrefu, wenye kona nzuri kuliko nyingi zangu. Ila katikati alikuwa ameweka kijisanduku.

"Tata, hii ni nini?"

"Hoteli. Chai yao ni nzuri, na mandazi ni ya moto."

"Kwenye mbio hakuna kusimama kula."

Alinitazama kwa masikitiko ya kweli. "Mzunguko wote huo, na madereva washinde na njaa?"

Nikavuta kiti. Tulifuta kipande kidogo cha barabara, tukaongeza mahali pa kuegesha magari ishirini.