Kununiana Juu ya Kichuguu

Daraja la Ndundu, lile la kuvukia Mto Rufiji, lilikuwa bado jipya wakati mimi na mume wangu tuliponunua simu, kila mtu yake. Yeye alikuwa mwalimu, mtu wa bara aliyeletwa kikazi kijijini Mkongo, mimi mwenyeji wa hapo. Kijijini petu mtandao ulishika mahali pamoja tu: juu ya kichuguu kando ya uwanja wa mpira.

Jumamosi moja, akishuka kwenye mtumbwi na suruali yake ya pasi, aliteleza akakaa kitako kwenye tope mbele ya wanafunzi wake. Nilicheka hadi mbavu zikauma. Yeye hakucheka. Tulirudi nyumbani kimya, na kimya kikatimiza siku tatu. Akitaka chumvi, anaisonta kwa kidole.

Siku ya nne nilishindwa. Nikapanda kichuguu, nikamwandikia: "Mwanamume mzima unanuna kama mtoto aliyeachishwa ziwa!" Nikarudi jikoni kusubiri jibu, nikisahau kwamba jikoni jibu halifiki.

Jioni nikamwona kwa mbali, yuko juu kule, anabonyeza kwa kidole kimoja. Nikamfuata. Kichuguu chenyewe chembamba, ikabidi tusimame mgongo kwa mgongo ili tusianguke. Simu yangu ikalia: "Umenidhalilisha."

Nikajibu: "Lilikudhalilisha tope, mimi nilicheka tu." Nyuma yangu nikasikia simu yake ikilia, kisha akaguna.

Jirani yangu akapita na ndoo kichwani, akasimama.

"Shoga, mnafanya nini huko juu?"

"Naongea na mume wangu."

"Si huyo hapo nyuma yako?"

"Huyo hatuongei."

Alituangalia mmoja mmoja, akaweka ndoo chini ili acheke vizuri. Nami nikahisi mgongo wa mume wangu unatikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka, na kicheko hicho kikatuangusha wote wawili hadi chini.

Tulikaa palepale kwenye nyasi, tukiongea kwa midomo yetu. Nilijisikia mwepesi kama mtu aliyetapika kilichokuwa kikimsumbua.

"Kucheka ungecheka," akaniambia. "Lakini ungenivuta kwanza nitoke topeni."

Hapo ndipo nikaona aibu. Nikamwomba radhi, halafu nikamuuliza mbona hakuniandikia hivyo.

"Ndefu," akasema. "Na herufi ya V sikuiona ilipo."