Kikombe cha Maua

Mama mkwe wangu aliponiambia kwa simu kwamba akitoka hospitali hatakuja kwangu, ataenda mtaa wa Bondeni kwa wifi yangu, nilidhani dawa za usingizi bado zinamzungusha kichwa. "Mama, umesema wapi?" Akarudia bila haraka: Bondeni. Nilikuwa nimekaa juu ya kitanda nilichomtandikia, shuka mpya.

Hebu fikiria. Alikuwa amepasuliwa goti hapa Nakuru, na daktari alimkataza kurudi Keringet mpaka mguu upate nguvu, kwa sababu kule kwake ni milima mitupu na choo kiko nyuma ya shamba la viazi. Kwangu kuna chumba cha wageni, choo cha kukalia, maji ya moto na msichana wa kumpikia uji. Kwa wifi yangu kuna chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, na choo cha nje cha majirani wote, sakafu yake majimaji asubuhi hadi jioni. Akiteleza pale mara moja tu, goti limekwisha. Sasa mtu mwenye akili zake anachagua nini? Nilikasirika utadhani goti lililopasuliwa ni langu.

Mume wangu nilipomuuliza, hakuinua macho kutoka kwenye simu yake. "Muache Mama apumzike anapotaka." Ala! Yaani mama yake aanguke, yeye anasema apumzike?

Jumamosi nikateremka Bondeni, maneno yakiwa yamejaa mdomoni. Wifi alikuwa mlangoni anakatakata sukuma wiki ya kuuza. Akaniambia Mama amelala huko nyuma ya pazia, nikaribie kiti. Sikuketi.

"Nimemkosea nini?" nikauliza. "Mama ananienzi mimi kuliko nyinyi wote. Ama si mimi ninayetolewa kile kikombe?"

Kikombe chenyewe kilijulikana. Kila Krismasi tukikutana Keringet, watu wote hunywa chai kwa vikombe vya bati, watoto na wazee. Mimi peke yangu natolewa kikombe cheupe cha udongo chenye maua mekundu, pamoja na kisahani chake, kutoka kwenye kabati la kioo. Hakuna mwingine aliyekigusa. Nilikuwa nikijivunia hicho kikombe hata ofisini.

Wifi aliweka kisu chini. "Haki wewe unadhani kile kikombe ni cha mapenzi?"

Akanieleza. Siku ya kwanza nilipopelekwa nyumbani kuonyeshwa wazazi, Mama alinitilia chai kwa kikombe chake mwenyewe, cha bati, cha bluu. Nikatoa tishu kwenye mkoba. Nikapangusa mdomo wa kikombe, nikauzunguka wote, kisha nikaitazama ile tishu kama imechafuka. Ndipo nikanywa, na nikasema asante vizuri sana.

"Maji ya kuosha hicho kikombe nilikuwa nimeyabeba mimi kwa mgongo kutoka mtoni," wifi akasema. "Siku ya soko Mama akauza kuku, akakununulia hicho cha maua. Alituambia hataki kuona hiyo tishu tena kwake."

Woi! Kilichoniogopesha zaidi ni kwamba sikumbuki. Nakumbuka gauni nililovaa siku ile, nakumbuka baridi ya Keringet, nakumbuka nilivyosifiwa kwamba nina adabu. Tishu siikumbuki hata kidogo. Nyumbani kwetu mama yangu alikuwa akiinua glasi dirishani, na akiona alama ya kidole anamrudishia mfanyakazi aoshe upya. Nami nilikua nikijua huo ndio usafi. Haikunijia hata siku moja kwamba ni raha ya watu ambao maji yao hubebwa na mtu mwingine.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nimezaa watoto katika ukoo ule, wamefika hadi sekondari, na jembe sijapewa. Nikiingia jikoni naambiwa, "Wewe keti na wageni." Miaka yote hiyo nimeketi nikidhani naheshimiwa!

"Halafu ile sofa yako," wifi akaendelea, maana sasa alikuwa ameanza. "Mama alipomwaga chai, ulisema hakuna shida, hakuna shida, na tayari unasugua. Hata hajainuka vizuri."

Hiyo niliikumbuka. Hata doa lenyewe nalikumbuka lilipokuwa.

"Mpe chai," sauti ikatoka nyuma ya pazia. Kumbe hakuwa amelala.

Nikaingia, nikakaa kwenye ukingo wa kitanda. Mama alikuwa ameegemea mto, mguu umenyooshwa, ananitazama. Wifi akaniletea chai kwa kikombe cha plastiki, mdomo wake umetafunwa na meno ya watoto. Nikakipokea kwa mkono wa kushoto. Nikashangaa, mbona wa kushoto? Kutazama, mkono wa kulia uko ndani ya mkoba, umeshika tishu. Haki ya Mungu, sikuutuma. Nimetoka kuambiwa sasa hivi, na mkono umeshaenda wenyewe.

Mama aliuona. "Futa tu, mwanangu," akasema, bila hasira yoyote. "Sisi tumeshazoea."

Afadhali angenitukana. Niliutoa mkono mtupu, nikainywa ile chai ikiwa moto vile vile, ikaniunguza ulimi, nikaimaliza na majani yake. Halafu nikalia kweli kweli, makamasi yakanitoka, na sasa hiyo tishu naihitaji na naona haya kuichukua. Wifi akanirushia kitambaa cha jikoni. Kilinuka vitunguu, nikapenga nacho.

"Twende nyumbani, Mama," nikasema. "Hapa utaanguka."

"Na kwako nikimwaga chai kwa hiyo sofa, utasema nini?"

Jibu lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi: hakuna shida. Nikalimeza.

"Sijui, Mama. Pengine nitasugua. Pengine nitakasirika na nijifanye sijakasirika."

Wifi akaguna. Mama akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika goti kwa maumivu.

"Haya," akasema akipangusa macho kwa kiganja. "Njoo unichukue kesho baada ya kanisa. Na chai nitaimwaga makusudi."