Damu ya Watu Wawili

Saturnina Ccallo alikuwa akilitemea jiwe mate, analigeuza juani, na hapohapo anajua kama lina dhahabu. Miaka kumi na tisa alichambua vifusi nje ya mgodi, kwa kuwa ndani wanawake hawaingii. Eti mlima una wivu. Mlima hauna wivu wowote, wivu ni wa wanaume. Basi akainama nje na nyundo yake, kwenye theluji. Kwa mawe hakudanganyika hata siku moja. Kwa mumewe alidanganyika, na kulisimulia hilo kunaniuma.

Fortunato, mumewe, alikuwa mtoboa miamba. Mwaka wa kumi na tisa kichwa kilianza kumgonga, masikio yakavuma, akipanda vidato vitatu anatweta. Midomo na kucha vikawa vya zambarau. Saturnina akaona jibu liko wazi: damu imempungua. Kila asubuhi akamkaangia damu ya kondoo kwa vitunguu na mnanaa, na juu yake vidonge vya madini ya chuma.

"Kula, usinikodolee macho."

"Mwanamke, kesho utanisikia nalia meee!"

"Lia, mradi umeshiba."

Alipoanguka kwenye foleni ya maji, akamkokota hadi zahanati. Daktari Ylda, binti wa pwani asiyetimiza hata mwaka pale, akamchoma sindano. Damu ilitoka kwa shida, nzito na nyeusi kama uji wa mahindi ya zambarau.

"Mama, huyu unamlisha nini?"

Saturnina akamweleza kwa fahari. Daktari akaweka kalamu chini.

"Sikiliza, mama. Kila chembe ya mwili ni jiko dogo. Linachoma chakula kwa hewa, ndipo mtu anapata nguvu. Hewa hiyo inabebwa na damu. Huku juu hewa ni haba, kwa hiyo mwili unaongeza wachukuzi. Wa mumeo wamezidi mno, wamebanana njiani, hawapiti. Majiko ya kichwani yanakosa hewa."

"Kwa hiyo damu anayo?"

"Anayo ya watu wawili! Na wewe unazidi kumwongezea. Leo nitampunguzia damu kidogo, lakini kesho ashuke bondeni. Na asipande tena."

Saturnina alirudi nyumbani na aibu yake. Lakini kulikuwa na jambo jingine. Pale mgodini mtu hutoboa mwezi mzima bila ujira. Siku ya mwisho hujibebea mawe kadiri ya mgongo wake, na hayo ndiyo malipo. Fortunato alibakiza siku nne.

"Nikishuka kesho, mwezi mzima nimemtumikia bosi bure," alisema. "Wewe unasemaje?"

Angemwambia "tushuke", wangeshuka. Fortunato alikuwa mtu wa kumsikiliza mkewe, hilo nalijua. Saturnina akayafikiria yale mawe.

"Siku nne si mwaka," alisema.

Tamaa mbele, mauti nyuma, wanasema wahenga. Wahenga nao wangejaribu kutoboa mwamba mwezi mzima bila ujira, tuone wangesema nini.

Siku ya tatu wenzake walimtoa mgodini wamembeba, mdomo umepinda, mkono na mguu wa kulia haviinuki. Saturnina akampakia kwenye lori, wakateremka siku nzima hadi kwenye mashamba ya kahawa, kwa dada yake. Huko hewa ni tele. Wiki ya pili midomo ya Fortunato ilikuwa imerudi rangi yake, kucha zimetakata, analala bila kukoroma. Alikuwa na sura ya yule kijana aliyemchumbia. Majirani walikuja kumpongeza Saturnina, naye akacheka kwa furaha, maana aliamini amemwahi.

Asubuhi moja alikuwa akimnywesha chai. Fortunato akamtazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni mwema, akasema polepole, kwa mara ya kwanza tangu atolewe mgodini, ulimi ukiwa mzito:

"Asante, mama. Una moyo mzuri. Mumeo yuko wapi?"

Saturnina akamfuta chai kidevuni.

"Amebaki juu," alisema.