Maharage ya Jirani

Kwetu Karuba, aliyesoma kitabu kwa sauti hakumenya maharage. Kwa hiyo mimi, mwenye haya kuliko wote, nilijitolea kusoma, tena polepole.

"Soma mbio, muvivu weye!" dada yangu alinifokea.

Mama alikuwa na sheria moja: maharage yakiisha, kitabu kinafungwa. Siku moja yaliisha wakati mbuzi wa hadithi bado yuko katikati ya mto uliofurika. Tuliomba, Mama akakataa, akatoka. Akarudi na kapu la maharage ya jirani.

"Tumusaidie, iko mugonjwa," alisema.

Tulimsikia jirani akiimba shambani kwake.

Siku hiyo nilisoma mbio, na mbuzi akavuka. Mpaka leo, kitabu kikininogea, naangalia kwanza kama maharage bado yapo.