Nyumba ya Mviringo ya Peres

Asubuhi ile Peres alipika chai ya maziwa, akachemsha nduma, kisha akasukuma sahani kando apate nafasi ya ukuta wake. Mumewe, Were, alikaa upande wa pili wa meza akimenya nduma. Katikati yao yalikuwa matofali ya plastiki ya watoto, yale yenye vinundu juu, yanayoshikana ukiyabana.

"Mama Lenox, hiyo ukuta imepinda."

"Imepinda kwa sababu nimeipinda."

"Ningejenga hivyo kwa matajiri wa Kitisuru wangenifukuza na mbwa."

"Wewe hata ukijenga wima walikufukuza."

Were alicheka mpaka chai ikampalia. Hawakupata asubuhi nyingine kama hiyo. Kabla ya mchana, akianika nguo nyuma ya chumba chao cha Woodley, Nairobi, Peres alianguka. Upande mmoja wa mwili ukafa ganzi.

Miaka mingi Peres alifanya kazi kwenye nyumba za Lavington, kulea watoto wa watu na kufagia. Matofali hayo aliyavuta kwa ufagio kutoka chini ya vitanda, na alipoyakanyaga peku alilaani kwa Kiluhya. Watoto walipokua, mama yao alimpa gunia zima. Wale watoto walikuwa wakijenga kwa kufuata picha za kwenye karatasi. Peres karatasi alizitupa. Tofali alililaza ubavu. Kipande bapa alikichomeka katikati ya vinundu, mahali ambapo hakikutakiwa kukaa, nacho kikakaa. Paa alilishikisha kwa uzi wa kushonea. Na ukuta aliujenga mrefu, mwembamba, wa matofali mafupi mafupi, bila kuyakandamiza sana, kisha akauzungusha polepole kwa viganja viwili mpaka ukawa duara, miisho yake ikiachana kidogo.

Ilikuwa nyumba ya nyanya yake, kule Busia. Were, fundi wa mawe tangu ujana, alikuwa amemwahidi kumjengea ya kweli. Lakini kila mwaka palikuwa na ukuta wa mtu mwingine wa kumalizia.

Peres akiwa amelazwa, Were alitoka hospitalini akakaa peke yake na ile nyumba. Jicho lake la fundi halikuivumilia. Akajiambia, ngoja nimfanyie kitu, akirudi akute imekamilika. Akauvunja ukuta, akavuta kamba, akapima pembe nne, akabana kila tofali kwa gumba mpaka likalia. Pale miisho miwili ya ukuta ilipokuwa imeachana, aliona kazi ambayo haijaisha. Akaziba. Matofali yakapungua. Akaenda tao, katikati ya jiji, kwenye duka la vitu vya watoto.

"Guka, ni za mjukuu?" msichana wa duka alimuuliza.

"Ni za bibi yangu, Mama Lenox."

"Woi! Kwani bibi yako ako na miaka ngapi?"

"Sabini."

Msichana alicheka, akamwongezea mengine mawili bure.

Nyumba ikawa imara, wima kila upande. Were akasimama akaitazama, akaridhika. Halafu akakumbuka Peres akiuzungusha ukuta kwa viganja, ulimi umetokeza kidogo mdomoni, na kuridhika kote kukamwisha. Akajaribu kuirudisha ilivyokuwa. Ilikataa kukunjika. Mikono yake ilizoea mawe. Alipovuta, tofali moja liliruka chini ya kitanda, na lingine likang'oka kinundu.

"Nyumba yangu iko aje?" Peres alimuuliza siku iliyofuata, maneno yakitokea upande mmoja wa mdomo.

"Iko sawa."

"Hujaigusa?"

"Nimepanguza vumbi tu."

"Basi niletee picha nione."

"Simu haina chaji."

Nanyama, mdogo wake Peres, alikuwa ameketi kando ya kitanda. "Shemeji, si hiyo simu imelia saa hii?"

Were akaisukuma simu ndani zaidi ya mfuko.

Siku daktari alipomwita kando na kumwambia ajikaze, Were aliona hawezi kumwacha Peres aende na uongo aliomwambia. Alimwomba Nanyama atoke kidogo. Akaushika mkono wa Peres usiosikia, akauacha, akazunguka kitanda na kuushika ule mwingine.

"Mama Lenox, ile nyumba yako niliibomoa. Nikajenga yangu. Ya pembe nne."

Peres alimtazama.

"Mlango umeweka wapi?"

Were akaizunguka nyumba yote kichwani, ukuta kwa ukuta. Lile pengo aliloziba ndilo lililokuwa mlango.

"Sikuweka."

Peres hakuiona kesho yake.

Nyumba bado iko mezani. Nanyama alimwambia atoe matofali machache upande wa mbele, kwani shida iko wapi? Were hajui mbele ni wapi. Kila akipeleka mkono, anaurudisha. Jibu la Peres siku ile analisikia mpaka leo, na hajaweza kujua kama mkewe alikuwa anamtania, kwa maana nusu ya uso ilicheka na nusu ilikaa kimya:

"Basi, Baba Lenox, umetufungia nje."