Picha ya Pili ya Kichwa cha Kinyozi

Kaka yangu alikuwa kinyozi, na wateja walimwita Sultani kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwambia amnyoe vipi. Ukikaa kwenye kiti chake, ulinyamaza. Akimaliza, alisimama nyuma yako, akakishika kichwa chako kwa vidole na kutazama kwenye kioo kama kulia kunalingana na kushoto. Hapo ndipo alipotabasamu.

Ugonjwa ulianzia kwenye kidole gumba cha mkono wa kulia. Kilikuwa kinacheza chenyewe, kama cha mtu anayesokota uzi. Siku alipomkata mteja sikio, aliuweka wembe chini mwenyewe, akaniachia mimi, msaidizi wake, kazi ya ndevu, naye akabaki na mashine ya nywele.

Hospitali kubwa walisema ni ugonjwa wa Parkinson. Walikuwa wakiwafuatilia wagonjwa kadhaa kwa kuwapiga picha ya ubongo, kisha kuirudia baada ya mwaka, waone ugonjwa umefika wapi. Wakampa vidonge, navyo vikamkubali. Kidole kikatulia, akaanza tena kunitania.

"Picha ya pili ikitoka safi, unipishe kwenye wembe wangu. Ndevu za watu unazilima kama shamba."

Shemeji alimwambia asubiri kwanza aambiwe.

"Niambiwe nini, mama watoto? Mkono si huu hapa?" Akaunyoosha mbele ya uso wake. Kweli, ulitulia kama umepigiliwa misumari.

Siku ya picha nilimsindikiza. Walimchoma sindano ya dawa inayong'aa ubongoni, tukasubiri kwenye benchi mpaka makalio yakafa ganzi, kisha wakamlaza na kumfunga kichwa kwa mkanda.

"Usitikisike, mzee," alisema fundi wa mashine.

"Mnamwambia hivyo mgonjwa wa kutetemeka? Kipofu je, mnamwambia akodoe macho?"

Fundi alicheka, na kaka naye akacheka mle ndani ya mkanda.

Tuliporudi kuchukua majibu, daktari alituonyesha picha mbili kwenye kompyuta, ya mwaka uliopita na hii mpya. Katikati ya ubongo, alisema, panatakiwa kuwa na mianga miwili yenye umbo la korosho. Hizo ni sehemu zinazousaidia mwili kwenda unavyotaka. Kwenye picha ya kwanza, mwanga mmoja ulikuwa umepoteza mkia. Kwenye ya pili, mikia yote miwili haikuwepo. Vilibaki vidoa viwili tu, hafifu, kama makaa yanayozimika.

Kaka aliinuka, akatazama kulia, akatazama kushoto, vile vile alivyotazama vichwa vya wateja.

"Hii mmeipiga vibaya. Rudieni."

"Imepigwa vizuri, mzee."

"Mbona mkono umetulia?"

"Dawa ndiyo inayoutuliza. Ugonjwa unaendelea chini kwa chini."

"Na dawa ikiishiwa nguvu nikiwa na wembe mkononi, nitapata taarifa?"

Daktari hakucheka. "Si kila mara," alisema.

Dukani tulimkuta mwalimu mstaafu, mteja wake wa miaka mingi. Alikuwa amekataa kunyolewa na mimi, ndevu zikamfika kifuani.

"Sultani! Kichaka hiki nimekufugia wewe."

Kaka alimpaka povu, akachukua wembe, akaunoa kwenye mkanda wa ngozi. Mkono wake haukutikisika hata kidogo. Alisimama hivyo mpaka povu likaanza kukauka kwenye mashavu ya mwalimu. Kisha akanigeuzia mpini.

"Mkono umetulia, kaka," nilimnong'oneza.

"Najua umetulia. Sijui mpaka saa ngapi."

Mwalimu alifumba macho, akaniacha nimnyoe.

Baadaye hata mashine ya nywele aliiacha. Sasa shemeji humleta dukani asubuhi na kumkalisha kwenye benchi la wateja. Majuzi aliingia kijana mgeni, akamwinamia kwa heshima.

"Mzee, umenitangulia. Pita wewe kwanza."

Kaka alichukua muda mrefu kulitoa jibu mdomoni.

"Kaa wewe, mwanangu," alisema. "Mimi ni wa hapa hapa."